Ziwa la Bondeni: Liunganishwe na Mto au Liachwe Lilivyo?

Masika yakikaribia, swali hili hurudi kwenye vikao vya vijiji vya mabondeni. Ziwa limepungua, samaki wamekuwa wadogo, na wapo ambao hawajaonekana kwa miaka. Wavuvi wanataka mfereji uchimbwe hadi mtoni. Mwenye mpunga anataka tuta lijengwe ili mto usimfikie. Maofisa uvuvi na watu wa uhifadhi nao hawasemi kitu kimoja: huyu anasema fungueni, yule anasema msiguse.

Nimekaa kwenye mijadala ya namna hii, na kila mara naona kosa lilelile: watu wanabishana kuhusu mfereji kabla ya kukubaliana ziwa lenyewe ni la aina gani. Kwa hiyo naweka kando kwa kando maji mawili ya Afrika Mashariki yanayotoa majibu tofauti kabisa. Upande mmoja ni maziwa ya bonde la chini la Rufiji, Tanzania, ambayo uhai wake unatokana na kuunganishwa na mto. Upande wa pili ni Ziwa Kanyaboli, kaunti ya Siaya, Kenya, ambalo limehifadhi samaki wake kwa kuwa limetengwa. Ukijua ziwa lako linaelekea upande upi, nusu ya uamuzi umekwisha.

Rufiji: ziwa linalosubiri mto

Mto Rufiji hukusanya maji ya eneo la takribani kilometa za mraba 177,000. Zaidi ya nusu ya maji hayo huletwa na Kilombero, na sehemu kubwa ya yanayobaki hutoka Luwegu na Ruaha Mkuu. Ukitoka kwenye korongo la Stiegler mto huingia kwenye tambarare, hutanuka, huhama njia, na pembeni mwake umeacha maziwa zaidi ya 10: Ruwe, Zumbi, Uba, Utunge, na mengine kama Tagalala na Manze yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa miezi mingi ziwa na mto havionani. Kisha, kati ya Februari na Mei, mto hupanda. Maji hufuata mkondo wa zamani uliokuwa mkavu na wenye nyasi, hufika kwenye kizingiti cha udongo kinachotenga ziwa, na siku moja hukiruka. Kwanza ni utepe mwembamba wa maji mekundu unaosukuma mbele yake takataka, panzi, mchwa na mbegu. Usiku wake kambale huanza kuupanda. Ukimulika tochi utawaona migongo ikiwa nje, wanajisukuma kwenye maji yasiyofika magotini, wakienda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa jana. Mayai hunata kwenye majani na kwa joto la huku huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Vifaranga hukuta chakula tele na mahali pa kujificha, mbali na vinywa vya samaki wakubwa waliobaki mtoni.

Mwaka 1989 wanasayansi Wolfgang Junk, Peter Bayley na Richard Sparks waliliwekea jambo hili msingi wa kisayansi: katika mito yenye tambarare za mafuriko, kupanda na kushuka kwa maji ndiko kunakoendesha uhai wote, kama mapigo ya moyo. Mvuvi wa Rufiji analijua kwa njia nyingine. Anajua kwamba mafuriko mazuri ya mwaka huu atayakuta kwenye wavu mwakani na mwaka unaofuata, vifaranga wakishakua.

Lakini si kila samaki anauhitaji mto kwa kiasi kilekile, na hapa ndipo aina za samaki zinapopotea bila mtu kugundua. Perege anaweza kuishi na kuzaliana ndani ya ziwa lililofungwa. Dume huchimba kiota kwenye kina kifupi, jike hubeba mayai mdomoni, na mto unaweza usije kabisa. Kambale anavumilia maji mabaya kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa. Kamongo ana mapafu, anakuja juu kuvuta pumzi. Kitoga ni mtu wa mto. Ningu nao hupanda mito na kuingia kwenye nyasi zilizofurika ili kutaga. Hawa wakikatiwa njia, walio ndani ya ziwa wataishi mpaka wavuliwe au wazeeke, na hakuna atakayewarithi.

Matokeo hayaonekani mwaka wa kwanza. Wala mwaka wa pili. Ndoo inajaa perege, mizani inasoma vizuri, na kwenye daftari la BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni, kilo hazijashuka sana. Baadaye kidogo unawatazama wanawake wakichambua samaki ufukweni na unagundua wana mafungu mawili tu, perege na kambale, mahali ambapo mama zao walikuwa na mafungu sita au saba. Ndiyo maana nasisitiza sana: hesabuni aina, msihesabu kilo peke yake. Kilo zitawadanganya kwa miaka kadhaa.

Kuna jambo la pili. Watafiti Olivier Hamerlynck na Stéphanie Duvail, waliofanya kazi kwa miaka mingi na wanavijiji wa Rufiji, walionyesha kwamba maziwa haya hayafunguki kwa pamoja. Kila moja lina kizingiti chake: moja hupokea maji kwenye mafuriko ya kawaida, jirani yake husubiri mafuriko makubwa. Mtu anaweza kuona kasoro hapo, akataka yote yafunguliwe sawasawa. Asifanye hivyo. Maziwa matano yakiunganishwa na mto mwaka mzima yatakuwa na samaki walewale wa mtoni mara tano. Lakini likiwapo moja linalopata mto kila mwaka, jingine kila baada ya miaka michache, na jingine mara moja moja, bonde zima linabeba aina nyingi zaidi: wapenda mkondo hapa, wapenda maji tulivu yenye magugu pale, wavumilivu wa tope kule. Kwa uhifadhi, tofauti kati ya maziwa ni mali kama maziwa yenyewe.

Kanyaboli: ziwa ambalo mlango wake umelindwa na matete

Sasa tuvuke mpaka. Kinamasi cha Yala, mahali Mto Yala unapoingia Ziwa Victoria, ni kati ya ardhi oevu kubwa za maji baridi nchini Kenya. Ndani yake mna maziwa matatu: Kanyaboli, lenye takribani kilometa za mraba 10, na madogo mawili, Sare na Namboyo. Zamani mto ulipita Kanyaboli kabla ya kuendelea. Kisha sehemu ya mashariki ya kinamasi ikakaushwa kwa ajili ya kilimo, mto ukageuzwa kwa mfereji, na tuta likalitenga ziwa. Leo Kanyaboli hupata maji yake hasa kutoka ardhi inayolizunguka na yale yanayopenya kutoka kinamasini.

Kwa kipimo cha Rufiji, hii ni habari ya msiba. Lakini tazama kilichotokea upande wa pili wa matete. Kuanzia miaka ya 1950 sangara na sato wa Mto Nile walipandwa Ziwa Victoria. Sangara alipoongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina wasiopatikana kwingine duniani, walianguka. Wanasayansi hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Ngege wa asili, *Oreochromis esculentus*, wa jamii ya perege, aliyekuwa uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa hilo mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa tayari amechoshwa na nyavu. Akashindana na sato, akachanganyika naye kwa uzazi, na karibu akaisha ziwani. Siku hizi huko Kenya jina ngege limehamia kwa sato, kiasi kwamba kijana anaweza kula ngege kila wiki asijue kwamba ngege wa babu yake hajawahi kumwona. Hilo huniumiza.

Ngege wa asili akabaki wapi? Kanyaboli ni mojawapo ya mahali hapo, pamoja na mbiru, perege mwingine wa asili, na furu kadhaa. Kilichomzuia sangara ni kinamasi chenyewe. Chini ya mafunjo na matete maji ni meusi, mimea inaoza, oksijeni ni kidogo mno. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi majini, hapiti humo. Furu wengi, kambale na kamongo wanapita, au angalau wanaishi pembezoni mwake.

Mfano wa Uganda unathibitisha jambo hilo. Ziwa Nabugabo, lililotengwa na Victoria na ukingo wa mchanga kwa maelfu ya miaka, lilipandwa sangara mwanzoni mwa miaka ya 1960. Samaki wa asili wakafutika kwenye maji ya wazi. Mtafiti Lauren Chapman na wenzake waliwakuta baadhi yao wamejibanza kwenye ukingo wa kinamasi, na vijiziwa vya jirani, Kayanja na Kayugi, vilivyotengwa na kinamasi hicho, vilibaki bila sangara.

Kwa hiyo mtu akija na wazo la kuchimba mfereji wa wazi kutoka Kanyaboli hadi Victoria ili "kuleta samaki", ataleta kweli. Ataleta sangara, na atapoteza kile ambacho fedha haiwezi kukirudisha. Ziwa Sare, ambalo linafunguka kuelekea Victoria, halina kinga hiyo.

Lakini pia tusiifanye kutengwa kuwa dawa ya kila kitu. Ziwa lililofungwa hukusanya kila kinachoingia: mbolea ya mashamba, udongo, dawa za wadudu, na hakuna mafuriko ya kulisafisha. Na tuta halizuii ndoo. Mtu mmoja mwenye vifaranga vya sato, nia njema na baiskeli anaweza kubomoa kwa asubuhi moja ulinzi uliodumu miaka mingi. Sato amekwisha kuonekana Kanyaboli, na kinamasi hakikumzuia.

Tofauti iko wapi hasa

Ukiyaweka pamoja, maswali yanayotenganisha Rufiji na Kanyaboli ni matatu, na sioni sababu ya kuyapa uzito sawa.

La kwanza, na zito kuliko yote: nani yuko upande wa pili wa mlango? Rufiji, aliye mtoni ni yuleyule ambaye ziwa lilimzoea tangu zamani. Akiingia anarudi nyumbani. Kanyaboli, aliye nje ni mgeni anayekula wenyeji. Kama mto wako au ziwa kubwa lililo jirani lina samaki waliopandwa, simama hapo kwanza kabla ya kushika jembe.

La pili: wazee wanakumbuka samaki gani? Wakitaja kitoga na ningu na wengine wa mkondo ambao sasa hawapo, ziwa lenu liliishi kwa mto na limekatwa. Wakitaja samaki ambaye hapatikani mtoni wala kwenye ziwa kubwa, mna hifadhi mikononi mwenu.

La tatu ni pumzi ya maji. Nendeni alfajiri, kabla jua halijachomoza, mwishoni mwa kiangazi. Wakati huo oksijeni iko chini kabisa. Perege wakiwa juu wanatafunatafuna hewa, ziwa limechoka na linahitaji maji mapya, iwe kwa mto au kwa njia nyingine.

Njia za kuunganisha, na ninazoziamini

Tuseme mmeamua ziwa lenu ni la upande wa Rufiji. Bado kuna namna ya kufungua inayosaidia na namna inayoharibu.

Mfereji wa kudumu, wenye kina, ndio unaopendwa kwa sababu unaonekana: kazi imefanyika, picha imepigwa. Mimi nauogopa. Mfereji unaoingiza maji masika ndio huohuo utakaoyatoa kiangazi, na nimeona watu wakichimba kwa bidii kisha ziwa likakauka mapema kuliko zamani. Tena mdomo mwembamba wa mfereji ni mahali rahisi kupita yote pa kutegea. Mgono mmoja, ule mtego wa kusukwa, au uzio mmoja unazuia kila samaki anayepanda na mayai.

Bora kuliko huo ni kusafisha mkondo wa zamani na kukiacha kizingiti. Ondoeni mchanga uliorundikana, magogo, na tuta dogo ambalo mtu aliweka kwa ajili ya bustani yake, mpaka maji ya mafuriko ya kawaida yaweze kupita, lakini kizingiti kibaki juu ya usawa wa ziwa wa kiangazi. Maji yanaingia na yanabaki. Kazi hii inahitaji kupima miinuko, na hapo msione aibu kumwita fundi mwenye vifaa. Sentimita 30 za kosa zinatosha kuharibu kila kitu.

Lango la maji linafaa pale penye mpunga na samaki pamoja, kwa sharti kwamba kuna mtu anayelifungua kwa wakati. Malango mengi hufa kwa sababu ufunguo uko kwa mtu anayejali shamba tu. Nchini Mauritania, baada ya bwawa la Diama kujengwa mwaka 1986 na kuyakata mafuriko ya Mto Senegal, Hifadhi ya Taifa ya Diawling iliyoanzishwa 1991 ilitumia malango kurudisha mafuriko ya kupangwa, na samaki, ndege na nyasi za kusukia mikeka vikarudi. Siri yake ilikuwa kukaa na wavuvi, wafugaji na wasusi na kukubaliana maji yaingie lini.

Kalvati za barabara hazitajwi kwenye vikao vya uvuvi, na zinastahili. Barabara inayokatiza bonde juu ya tuta refu ni ukuta. Mkandarasi huweka bomba mbili tatu, maji yanapita, kila mtu anaridhika. Angalieni upande wa chini wa bomba baada ya msimu mmoja: maji yamechimba shimo, na mdomo wa bomba unaning'inia shubiri moja juu ya maji. Kambale mkubwa huenda akajirusha au akazunguka nchi kavu. Kifaranga na samaki mdogo hapiti tena. Kuomba kalvati pana, zilizozamishwa chini ya usawa wa kitanda cha mkondo, wakati barabara bado iko kwenye michoro ni rahisi sana kuliko kurekebisha baadaye.

Tuta la kuzuia mto kabisa nalizungumzia kwa kifupi. Panapo makazi na zahanati, lijengwe. Kuzungushia bonde zima ni hasara hata kwa mkulima. Warufiji kwa vizazi wamelima mlao, mazao yanayopandwa maji yanaporudi nyuma kwenye udongo mpya ulioachwa na mto. Ukiufungia mto nje, umeifungia nje na rutuba hiyo.

Na mto wenyewe ukibadilishwa juu

Yote hayo yanadhani kwamba mafuriko yatakuja. Rufiji ya leo si ile ya miaka 10 iliyopita. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mashine ya kwanza ikaanza kuzalisha umeme mapema 2024. Taifa linauhitaji umeme huo. Lakini kwa maziwa ya chini maana yake ni kwamba saa ya mto sasa iko mikononi mwa watu.

Kuna hatari mbili, na ya pili haisemwi vya kutosha. Ya kwanza ni mafuriko kusawazishwa: mto unatiririka kiasi kilekile Aprili na Septemba, hauruki kizingiti chochote, na kambale na ningu wanasubiri ishara isiyokuja. Ya pili ni mchanga. Mto ukipita bwawani huacha mzigo wake wa udongo humo, na maji yanayotoka, yakiwa mepesi, huanza kula kitanda na kingo zake. Kitanda kikishuka, kizingiti cha ziwa kinakuwa juu zaidi ukilinganisha na mto. Kiasi kilekile cha maji kilichotosha kulifungua ziwa zamani hakitatosha tena.

Dawa inajulikana: kuachia mafuriko ya makusudi, kwa msimu wake, kwa ukubwa unaofikia vizingiti, na kuwatangazia watu wa chini mapema ili wahame madungu yao na kuondoa mali. Kaskazini mwa Kamerun, bwawa la Maga la mwaka 1979 lilikausha sehemu kubwa ya tambarare ya Waza-Logone. Mwaka 1994 mkondo mmoja ulifunguliwa tena kwa majaribio, na eneo kubwa likapata tena mafuriko, nyasi na samaki wake. Hivyo kikao cha kijiji cha Rufiji kinachojadili mfereji kina ajenda ya pili, kubwa kuliko ya kwanza: orodha ya vizingiti vyote vya maziwa na urefu wake ipelekwe kwa wanaopanga maji ya bwawa, ili wajue ni kiasi gani cha maji kinafungua ziwa lipi.

Ningechagua nini

Kwa ziwa la bonde lenye mto usio na wageni, lililokatwa na tope, tuta au barabara: lifunguliwe, kwa mkondo wake wa zamani, na kizingiti kibaki. Kama mna maziwa kadhaa, muanze na lile lililokuwa likipata mto karibu kila mwaka, na lile la mbali mliache lisubiri mafuriko yake makubwa kama lilivyozoea.

Kwa ziwa lililotengwa na Victoria, au na maji yoyote yenye sangara au samaki wa kupandwa: libaki limefungwa, kinamasi kisikatwe wala kuchomwa, na sheria ndogo ya kwanza iwe kupiga marufuku kuingiza vifaranga kutoka nje. Maji yakikosa pumzi, tafuteni namna ya kuleta maji ya mvua na vijito, muache ukanda mpana wa matete kati ya mashamba na ziwa, lakini msitoboe kuelekea ziwa kubwa.

Pale ambapo hamna uhakika, wekeni mwaka mmoja wa kuhesabu kabla ya kuchimba. Aina gani ziko ziwani, aina gani ziko mtoni, mwezi kwa mwezi, kwa majina ambayo wavuvi wenyewe wanayatumia. Daftari la shule na kalamu vinatosha.

Na mkifungua, jambo moja lisisubiri mpango wa usimamizi. Wiki mbili za kwanza baada ya maji kuruka kizingiti, mdomo wa mkondo usiwe na wavu, mgono wala uzio wa mtu yeyote, hata wa mwenyekiti. Wanaopita usiku huo wamebeba mayai ya miaka miwili ijayo.